Vibandiko vya Cicero

Mitihani inapokaribia, katika vyumba vya walimu vya Kenya huzunguka swali moja: silabasi imefika wapi? Aliyeimaliza hupumua. Ambaye hajaimaliza huazima vipindi vya wenzake na kuwaita wanafunzi Jumamosi asubuhi. Upande wa Tanzania walimu husema muhtasari, neno la Kiarabu ambalo asili yake haina mashaka, kwa kuwa mwenye kujua Kiarabu huuona mzizi wake papo hapo. Silabasi limetufikia kupitia Kiingereza, na huko Kiingereza, kwa muda mrefu sana, kamusi zililieleza kwa utulivu kabisa. Zilisema limetoka katika Kilatini, syllabus, nacho Kilatini kilikuwa kimelichukua kwa Wagiriki, kutoka kitenzi syllambanein, maana yake kukusanya au kuweka pamoja. Kitenzi hicho ndicho kilichozaa silabi, yaani sauti zilizokusanywa na kutamkwa kwa mkupuo mmoja. Basi silabi ni sauti zilizokusanywa, na silabasi ni mada zilizokusanywa. Maelezo yalipendeza, na aliyeyasikia hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi.

Silabi ni mtoto halali wa kitenzi hicho. Silabasi hana udugu wowote naye. Hakuna Mgiriki wa kale aliyeita orodha yake syllabos, na Mrumi wa kale angeambiwa syllabus angedhani amesikia vibaya neno jingine. Neno hili lilizaliwa katika maandishi, kwa mkono wa mtu aliyenakili asichokielewa, likalelewa na wasomi waliokielewa kupita kiasi, kisha likaingia madarasani ulimwengu mzima. Namna watu walivyokuja kuligundua hilo ni kazi ya ufundi ninayoistahi kuliko nyingi nilizopata kuzisoma habari zake, na ningependa kuieleza polepole, kwa sababu uzuri wake wote umo katika upole wake.

Kufuatilia asili ya neno ni kazi ambayo mtu wa nje huiona nyepesi. Unachukua neno, unatafuta la lugha nyingine linalofanana nalo, unaeleza jinsi maana zinavyokutana, umemaliza. Ndivyo tufanyavyo barazani, na ndivyo zilivyozaliwa hadithi nyingi tamu kuhusu majina ya miji yetu. Fundi wa kweli huanzia kwingine. Kwake kufanana kwa sauti ni sababu ya kuanza kuuliza tu. Nani wa kwanza kuliandika neno hili? Mwaka gani? Katika kitabu gani, na kitabu hicho kimetufikia kwa mkono wa nani? Kabla yake yupo mwingine? Akishatajiwa jina la shahidi, haridhiki kuambiwa kwamba shahidi amesema hivi na hivi. Anakwenda kumsikiliza mwenyewe.

Ukiwauliza Wagiriki namna hiyo, wananyamaza. Maandishi yao ni mengi mno, ya washairi, wanafalsafa, waganga, makarani wa Misri, wanazuoni wa Konstantinopoli. Syllabe, ambalo ndilo silabi, limetapakaa humo. Syllabos kwa maana ya orodha halionekani. Ukimya wa aina hiyo hautoshi kuhukumu, maana vitabu vingi vya kale vimepotea, lakini unatosha kumfanya fundi akae wima kitini. Basi anawageukia Warumi, na huko watetezi wa maelezo ya zamani walikuwa na mashahidi wawili wa kutajika: Mtakatifu Augustine na Cicero.

Augustine, askofu wa Hippo, alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Katika kitabu cha 13 cha Maungamo anawazungumzia malaika, ambao hawahitaji kusoma maandiko kama sisi kwa kuwa wanautazama uso wa Mungu na kuyasoma humo mapenzi yake ya milele. Hapo anatumia neno syllabis, na wapo waliolidaka wakisema: mwaona, ndilo hilo syllabus. Lakini Kilatini kina mahali ambapo majina ya makundi mawili hukutana katika umbo moja. Jina la kike linaloishia na -a na jina la kiume linaloishia na -us, yakiwa wingi katika hali fulani za sentensi, yote huishia na -is. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili jambo hili si geni. Kiambishi m- huanzisha mtu na huanzisha mti, na ukikiona peke yake hujui kama wingi utakuwa wa- au mi-. Kinachokata shauri ni sentensi yenyewe. Na sentensi ya Augustine inasema malaika husoma bila silabi zinazopita katika wakati. Binadamu hutamka silabi ya kwanza ikaisha ndipo ije ya pili, bali malaika hupokea yote kwa mara moja. Ni wazo zuri, na linahusu silabi. Weka orodha au muhtasari mahali pale, wazo linavunjika. Shahidi wa kwanza ameondoka kizimbani bila hata kuulizwa swali la pili.

Amebaki Cicero, na hapa pana utajiri.

Mwaka 58 kabla ya Kristo Cicero alifukuzwa Roma. Adui yake Clodius alisimamia kubomolewa kwa nyumba yake ya mlima Palatine, na mali zake nyingine zikaharibiwa. Mwaka uliofuata alirudi, na mwaka 56 tunamkuta katika nyumba yake ya Antium, mji wa pwani kusini mwa Roma, akivikusanya vitabu vyake vilivyosalia. Msaidizi wake mkuu ni Tyrannio, Mgiriki mwanasarufi aliyetekwa vitani wakati jenerali Lucullus alipouteka mji wa Amisus, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi. Cicero anamwandikia rafiki yake Titus Pomponius, aliyepewa jina la Atticus kwa sababu aliishi Athens, katika jimbo la Attica, miaka mingi. Barua imejaa furaha. Anamwambia rafikiye aje aone jinsi Tyrannio alivyoyapanga masalio ya maktaba, ambayo yameonekana kuwa mengi na mazuri kuliko alivyotarajia. Anamwomba ampelekee wanakili wake wawili wa kusaidia kugundisha na kazi nyingine, nao waje na vipande vya ngozi nyembamba vya kutengenezea vibandiko. Kisha anamchokoza kidogo: vibandiko hivyo, nadhani ninyi Wagiriki mnaviita sittybas. Nadhani, amesema. Cicero mwenyewe, bingwa wa Kilatini, alipolifikia neno hili la kigeni aliweka nadhani mbele yake.

Ili kuona anachokitaka, ni lazima tukumbuke kitabu cha wakati ule kilikuwa nini. Kilikuwa gombo la mafunjo lililoviringishwa, likalazwa ubavu juu ya rafu pamoja na mengine kadhaa, na yote kwa mbali yanafanana. Bila alama, kumtafuta mwandishi mmoja kungemlazimu mtu kufungua gombo baada ya gombo. Kwa hiyo mwishoni mwa kila gombo kilibandikwa kipande kidogo cha ngozi au cha mafunjo, kikaning'inia nje, na juu yake jina la mwandishi na jina la kazi yake. Katika vifusi vya Oxyrhynchus, huko Misri, wachimbuaji wamevipata vibandiko vya namna hii. Kimoja kina jina la Sophron na michezo yake ya kuigiza kuhusu wanawake. Gombo lenyewe limepotea, kibandiko kimebaki.

Watu waliofanya kazi ile Antium walikuwa watumwa, na nisingependa kuwapita haraka. Katika barua nyingine ya wakati huohuo Cicero anamsifia Atticus watu wake wawili, Dionysius na Menophilus, kwa rafu walizozitengeneza na kwa jinsi vibandiko vilivyovipamba vitabu, na anasema tangu Tyrannio alipoipanga maktaba nyumba imekuwa kama iliyopata akili. Cornelius Nepos, aliyeandika maisha ya Atticus, anataja kwamba nyumba ya Atticus ilikuwa na wasomaji hodari na wanakili wengi. Barua ambazo leo tunazisoma zilipita mikononi mwa watu hao. Mtumwa mwingine aliyeitwa pia Dionysius, mtunza maktaba wa Cicero, miaka kama kumi baadaye aliiba vitabu vingi na kutorokea Illyricum, na Cicero akawaandikia wakubwa wa huko akitaka akamatwe. Kila nikiisoma habari hiyo huona kwamba mtu aliyekimbia na vitabu alijua vizuri thamani ya alichokuwa amekilinda.

Turudi kwenye neno. Barua kwa Atticus, zaidi ya 400 katika vitabu 16, zilisomwa zamani, kisha kwa karne nyingi zikawa karibu zimesahauliwa. Mwaka 1345 mshairi Petrarch alizikuta katika maktaba ya kanisa kuu la Verona, akazinakili kwa mkono wake. Hati ya Verona imepotea, na nakala ya Petrarch imepotea pia. Kinachotegemewa zaidi ni hati iliyonakiliwa kwa ajili ya Coluccio Salutati, katibu mkuu wa serikali ya Florence, mnamo mwaka 1392, ambayo hadi leo imo katika Maktaba ya Laurentian mjini humo. Wasomi huiita Mediceus. Ndani yake, mahali ambapo Cicero aliandika sittybas, pameandikwa sillabos.

Mtu asiyeijua kazi ya unakili anaweza kuuliza mtu anasomaje t mbili akaandika l mbili. Lakini kaa mahali pa mnakili yule. Ana mbele yake hati ambayo nayo ni nakala ya nakala. Kilatini anakijua, Kigiriki hakijui, na Cicero huchomeka maneno ya Kigiriki kila anapomwandikia Atticus. Manuel Chrysoloras, mwalimu aliyelirudisha somo la Kigiriki Florence, alianza kufundisha huko mwaka 1397, miaka michache baada ya hati hii kukamilika. Mnakili anakutana na neno ambalo hajapata kuliona. Herufi t ya mwandiko wa zamani, kijimstari chake cha juu kikififia, hubaki mti mmoja uliosimama, na l ni mti mmoja uliosimama. Sittybas hajui ni nini. Sillaba, silabi, amelijua tangu utoto wake shuleni. Jicho limeyumba kidogo, na kumbukumbu imemalizia kazi.

Hapo kosa lilikuwa bado dogo. Barua zilichapwa kwa mara ya kwanza Roma na Venice mwaka 1470, na katika baadhi ya chapa za mwanzo neno likatokea kama syllabos. Wakaja wahariri waliojua Kigiriki vizuri. Wakaona Cicero anasema hili ni neno la Wagiriki, wakaona limeandikwa kwa herufi za Kilatini, wakalirudishia mavazi yake: wakaliandika kwa herufi za Kigiriki, syllabous. Kutokana na umbo hilo la wingi wakachonga umoja, syllabos. Na syllabos, mtu anayejua Kigiriki akilitazama, hulikata mara mbili bila kufikiri: syl-, pamoja, na lab-, kushika. Maana ikajileta yenyewe. Mkusanyo. Orodha.

Sisi tunalijua jambo hili kwa ndani. Kiarabu kilitupa kitab, ambalo mzizi wake ni k, t na b, na ki ni sehemu ya mwili wa neno. Sikio la Mswahili lilisikia ki- ya kiti na kikombe, likatoa vitabu kwa wingi, na Mwarabu ambaye wingi wake ni kutub akabaki kustaajabu. Tumefanya hivyohivyo kwa kipilefti na vipilefti barabarani. Ni uhai wa lugha. Tofauti ni kwamba vitabu lilitengenezwa na vinywa vya watu waliokuwa wakizungumza, na syllabos lilitengenezwa kwa kalamu na watu wachache waliokuwa wakijaribu kwa dhati kurudisha maneno ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka 1,500 nyuma. Elimu yao ndiyo iliyowafunga macho. Asiyejua Kigiriki angeliacha neno lile likiwa geni, na ugeni wake ungemfanya mwingine aulize.

Mwaka 1656, mjini London, mwanasheria Thomas Blount alitoa kamusi ya maneno magumu, Glossographia, na humo syllabus limo, kwa maana ya jedwali au faharasa ya kitabu. Baadaye likawa orodha ya mihadhara, kisha mpangilio wa somo zima. Mwaka 1864 Papa Pius IX aliliita kwa jina hilo tamko lake lenye hoja 80 alizozikataa. Shule na bodi za mitihani za Uingereza zikalichukua, na kupitia kwao tukalipata sisi.

Kosa lililokaa karne nne na nusu linafichuliwaje? Hapa ndipo ninapoona ufundi wa hali ya juu, na kwa sehemu kubwa ni ufundi wa kukaa kitini. Robert Yelverton Tyrrell na Louis Claude Purser, wa Trinity College, Dublin, walitumia miongo kadhaa kuhariri barua zote za Cicero, na juzuu la kwanza lilitoka mwaka 1879. Kuhariri kwa namna hiyo maana yake ni kuzilinganisha hati neno kwa neno, na kila zinapopishana kuandika pembeni hati gani inasema nini. Ni kurasa za herufi ndogo ambazo msomaji wa kawaida huziruka. Humo ndimo kulikowekwa wazi kwamba Mediceus ina sillabos, kwamba alama katika hati zinaelekeza kwenye sittybas, na kwamba sittyba ni kipande cha ngozi chenye jina la kitabu, jambo linalolingana na ngozi ambazo Cicero ameziomba katika sentensi ileile. Hilo la mwisho ni la uzito. Cicero anaagiza ngozi za kutengenezea kitu. Kitu hicho kinatengenezwa kwa ngozi. Silabi haitengenezwi kwa ngozi, wala mkusanyo.

Lakini wahariri wa Cicero walikuwa wakimshughulikia Cicero. Walichokirekebisha ni barua ya Kilatini. Alihitajika mtu mwingine, aliyekuwa akishughulikia Kiingereza, aende hadi kwenye kurasa zile za herufi ndogo na kutambua kwamba neno la kila siku la shule za nchi yake limeanguka.

Kamusi ya Kiingereza ya Oxford ilianza kama pendekezo katika Chama cha Filolojia cha London mwaka 1857. Mskochi James Murray, mwana wa mshona nguo, aliichukua kama mhariri mwaka 1879, akajenga kibanda cha mabati katika uwanja wa shule ya Mill Hill alikokuwa akifundisha, baadaye kingine nyuma ya nyumba yake Oxford, akavijaza vishubaka vya vikaratasi. Kila kikaratasi kilikuwa na sentensi moja kutoka kitabu kimoja, pamoja na mwaka na jina la mwandishi. Wasomaji wa kujitolea waliviandika na kuvituma kwa posta, mamilioni. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1884; kazi nzima ilikamilika mwaka 1928, miaka 13 baada ya Murray kufariki. Sehemu ya maneno kuanzia Su hadi Sz ilikuwa chini ya mhariri wa nne na wa mwisho, Charles Talbut Onions, ambaye alikuja kutumia sehemu kubwa ya maisha yake katika kamusi ya asili ya maneno ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Katika sehemu hiyo ndimo lilimo syllabus. Ukiyasoma maelezo ya asili yake katika chapa ile ya kwanza utakuta yote niliyoyasimulia yamekunjwa katika mistari michache: hati ya Mediceus, wahariri wa Dublin, chapa za mwanzo, wanazuoni waliolivika neno Kigiriki, na Augustine na malaika wake. Hakuna kelele ya ushindi. Na baada ya kuusambaratisha ushahidi wote wa upande wa pili, kamusi inasema kwamba neno hili yaonekana limetokana na usomaji ulioharibika. Yaonekana. Mtu mwingine angepiga ngumi mezani. Huyu amepima alichonacho, akaona kinatosha kusema yaonekana, akaishia hapo. Nawaheshimu sana watu wa kazi hii kwa neno moja kama hilo, maana ndani yake mna miaka ya kujizuia.

Yamekuwapo makosa mengine ya kamusi, na mengi yalikufa mara tu yalipoonekana. Walter William Skeat, profesa wa Cambridge, mwaka 1886 aliyapa jina: maneno mizuka. Mzuka maarufu zaidi ni dord, lililoingia katika kamusi kubwa ya Webster mwaka 1934 likielezwa kuwa na maana ya msongamano katika fizikia. Kikaratasi cha asili kilikuwa kimesema tu kwamba herufi D kubwa au d ndogo ni kifupisho cha neno hilo. Mtu akaziunganisha herufi na kiunganishi cha Kiingereza kilichokuwa katikati yake, neno likapatikana. Mwaka 1939 mhariri mmoja alishangaa kwa nini dord halina maelezo ya asili, akafuatilia, mzuka ukaondolewa. Syllabus halikuweza kuondolewa. Lilikuwa limekwishapata watu. Kwa hiyo simuungi mkono anayedai lisitumike, au anayebishana kama wingi wake wa Kiingereza uishie kwa namna ya Kilatini. Fundi wa asili ya maneno si polisi. Anakuambia neno lilipita wapi, na anakuachia uendelee nalo, kama tunavyoendelea na vitabu.

Aliyewahi kujaribu kusoma utenzi wa Kiswahili katika hati ya Kiarabu hatawacheka wanakili wa Florence. Herufi moja ya ba ilibeba b, p, na mara nyingi mb; alama moja ya irabu ilisimama badala ya u na o, nyingine badala ya i na e. Kupa na kumba zingeweza kuandikwa sawasawa, na msomaji ndiye aliyetakiwa kujua mshairi alikusudia ipi. Ndiyo maana tungo za mshairi Muyaka zilihitaji watu kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyemsaidia W. E. Taylor kuzikusanya na kuzieleza, na ndiyo maana hati za Muhamadi Kijuma wa Lamu zinathaminiwa: alikuwa mnakili aliyejua anachokiandika. Kazi ya kuzilinganisha nakala zetu, ubeti kwa ubeti, bado ina nafasi kubwa ya mikono.

Na Cicero peke yake alizaa zaidi ya mzuka mmoja uliopata mwili. Kitenzi chake colliniare, ambacho wengine huandika collineare, kina maana ya kuelekeza kitu kwenye mstari ulionyooka, kama mpiga mshale anavyoulenga. Katika mwandiko wa zama za kati n ni vijiti viwili vifupi vilivyosimama na i ni kijiti kimoja. M ni vijiti vitatu. Mtu alisoma collimare. Wanafalaki waliokuwa wakiandika Kilatini, Johannes Kepler miongoni mwao, walilipokea hivyo, na Kiingereza kikapata collimate. Leo anayenunua darubini yenye vioo hukuta katika maelekezo yake kwamba vioo vikihama kidogo kutoka kwenye mstari havionyeshi nyota sawasawa, kwa hiyo ni lazima mara kwa mara avifanyie kolimesheni, akizungusha skrubu taratibu hadi duara zote anazoziona kwenye kipande cha jicho ziwe na kitovu kimoja.